ThinkPad T430 ya mitumba Lubumbashi: uzoefu wangu na betri na kanda za DVD

Kompyuta mpakato iliyotumika huja na hesabu mbili ambazo mwenye mali wa kwanza alishazila, na fundi wa programu hawezi kukurudishia hata moja: maisha ya betri, na zile mara tano unazoruhusiwa kubadili kanda ya DVD, yaani eneo la dunia ambalo draivu inakubali filamu zake. Kufuta diski yote na kuweka Windows upya hakusaidii. Hesabu ya kwanza imeandikwa kwenye chipu iliyomo ndani ya betri, ya pili imo ndani ya draivu yenyewe. Kwa hiyo katika maoni yangu haya kuhusu ThinkPad T430, mashine ya Lenovo ya mwaka 2012 ambayo naitumia hapa Lubumbashi na naipenda kwa kibodi na ugumu wake, sitazungumzia prosesa wala RAM. Hizo kila mtu anajua kuziuliza dukani.

Tuanze na betri. Muuzaji atakuonyesha alama imejaa, 100%. Hiyo ni asilimia mia ya kilichobaki, haisemi lolote kuhusu kilichotoka kiwandani. Kabla ya kutoa pesa, omba mashine iwashwe, fungua dirisha la amri kama msimamizi, kisha andika:

powercfg /batteryreport /output "C:\betri.html"

Amri hii inafanya kazi kuanzia Windows 8. Fungua faili hilo kwa kivinjari na utafute mistari miwili, DESIGN CAPACITY na FULL CHARGE CAPACITY. Betri ya seli sita ya T430 ikiwa mpya huonyesha karibu 56,000 mWh (miliwati-saa, yaani Wh 56). Ukikuta mstari wa pili una 45,000, chukua. Ukikuta 34,000, yaani kama 60%, bado inafaa ila bei ishuke. Chini ya 28,000 jihesabie kwamba unanunua mashine isiyo na betri. Kwa kazi nyepesi, mwanga wa skrini ukiwa nusu, T430 hula wati 10 hadi 15, basi mtu anapiga hesabu mwenyewe: Wh 56 ni saa nne na zaidi, Wh 28 ni saa mbili kwa bahati. Kwenye Linux, mfumo mbadala wa Windows, namba hizo hizo zimo katika /sys/class/power_supply/BAT0/, faili energy_full na energy_full_design.

Usiishie kwenye namba. Chomoa chaja, weka video, kaa nayo dakika ishirini. Betri inayoporomoka kutoka 80 hadi 50 ndani ya dakika hizo, au inayozima ghafla ikiwa bado inaonyesha 30%, ina seli dhaifu. Seli sita za T430 zimepangwa jozi tatu mfululizo. Jozi moja ikichoka, volti yake huanguka kabla ya nyingine, na saketi ya ulinzi hukata umeme wa betri nzima hata kama jozi mbili bado zina nguvu. Mara chache tatizo ni kipimo tu kilichopotea njia. Hapo jaza hadi mwisho, tumia bila chaja mpaka izime yenyewe, jaza tena bila kukatiza. Ikirudia kuzima, tafuta betri nyingine.

Na hapa ndipo wengi wanapoteza pesa. BIOS ya T430, programu ya ndani inayoiwasha mashine, hukagua kitambulisho cha betri wakati wa kuwaka. Betri ya kunakili isiyo na kitambulisho sahihi itawasha mashine lakini haitachaji, na ujumbe utatokea kwenye skrini kwamba betri hiyo haikubaliki. Kwa hiyo usinunue betri ukaipeleka nyumbani, ijaribu kwenye mashine yako pale pale dukani mpaka uone asilimia inapanda. Ipime uzito pia, mizani ya muuza dagaa inatosha. Seli moja ya aina ya 18650 ina takriban gramu 45, sita ni 270 kabla ya ganda na saketi. Pakiti ya "seli sita" yenye gramu 220 haina seli sita nzima. Soma na maandishi ya pembeni: 10.8 V na 5,200 mAh ni hesabu ya kweli, 7,800 mAh kwa seli sita maana yake kila seli ya jozi ina 3,900, wakati seli nzuri za kawaida za aina hiyo huishia karibu 3,500.

Kuhusu mafundi wanaofungua betri na kuchomelea seli nyingine: mimi sishauri. Chipu inabaki na hesabu ya zamani au inajifunga kabisa, na seli zisizolingana zinachajiana vibaya. Betri iliyovimba usiitoboe wala usiibane irudi mahali pake. Itoe, iweke mbali na vitu vinavyoungua.

Wauzaji bado wanasema uchaji saa nane au kumi na mbili mara ya kwanza. Ushauri huo ni wa betri za nikeli za zamani. Ya lithiamu haina kumbukumbu, chaji husimama yenyewe seli ikifika volti 4.2. Kinachoiua ni vitu viwili vikikutana, kujaa muda mrefu na joto. Betri iliyohifadhiwa mwaka mzima kwenye nyuzi 25 ikiwa na chaji 40% hubaki na karibu 96% ya uwezo wake. Ikihifadhiwa imejaa hubaki na karibu 80%. Kwenye nyuzi 40 ikiwa imejaa huteremka hadi karibu 65%. Mwezi wa kumi, chini ya mabati, mashine ikiwa juu ya godoro na chaja haijachomolewa tangu asubuhi, hizo nyuzi 40 unazifikia bila kujua.

Dawa ni kuweka kikomo cha chaji. Kwenye Linux sakinisha TLP, programu ya kusimamia nishati, fungua /etc/tlp.conf, uweke:

START_CHARGE_THRESH_BAT0=75
STOP_CHARGE_THRESH_BAT0=80

Kwenye Windows 7 programu ya Lenovo ya kusimamia nishati ilikuwa na sehemu hiyo hiyo. Ila nisikudanganye, ushauri wa 80% umeandikwa na watu ambao umeme wao haukatiki. Kwetu betri ndiyo taa ya akiba. Mimi nabakiza kikomo siku za kawaida, na nikijua delestaje (mgao wa umeme) inakuja jioni natoa amri sudo tlp fullcharge saa chache kabla. Kujaa kwa saa hizo chache hakuna madhara, madhara ni kuishi kwenye 100.

Wengine hutoa betri kabisa na kutumia umeme wa ukutani ili "wasiichoshe". Hapa mjini hiyo ni hatari kubwa kuliko faida, umeme ukikatika faili linakatika nalo. Bakiza betri ndani, upange Windows ijilaze yenyewe ikifika 10%. Umeme ukirudi subiri dakika chache ndipo uchomeke, kwa sababu volti za mwanzo huwa zinarukaruka. Chaja inavumilia 100 hadi 240, haivumilii mruko unaopita hapo, basi stabilizeta nzuri si anasa. Angalia pia plagi: nyingi zinakuja na mguu wa Ubelgiji, na kwenye ralonji (waya wa kurefusha umeme) iliyolegea zinatoa cheche na kukata chaji mara mia kwa siku. Kama mashine haitatumika kwa wiki nyingi, iache kwenye 40 hadi 50%, sukuma vile vibano chini ya mashine na utoe betri. Vumbi jekundu la kiangazi nalo husongamana kwenye feni, lisafishwe kwa brashi kila mwisho wa kiangazi.

Sasa DVD, ambayo watu huidharau mpaka siku filamu inapokataa. Diski za filamu zimegawiwa kanda. Kanda 1 ni Marekani na Kanada. Kanda 2 ni Ulaya Magharibi, Japani, Mashariki ya Kati, na pia Afrika Kusini. Kongo, pamoja na sehemu kubwa ya Afrika, Urusi na India, ni kanda 5. Tazama sasa Lubumbashi ilivyo: diski ya ndugu aliyeko Brussels ni 2, ile iliyopita mpaka wa Kasumbalesa kutoka Johannesburg ni 2, nasi rasmi tuko 5. Geuza ganda la diski, utaona alama ndogo ya dunia yenye namba. Ikiandikwa ALL au 0, haina kizuizi. Diski za harusi, za mahubiri na zilizochomwa mtaani hazina kanda kabisa, hizo zikigoma lawama ni ya mikwaruzo au ubora wa diski.

Draivu zote zilizotengenezwa tangu mwaka 2000 zinaweka kanda ndani yake, na hubadilishwa mara tano tu. Ya tano ikipita, draivu inabaki kwenye kanda ya mwisho. Kukagua kabla ya kununua: bonyeza Windows na R, andika devmgmt.msc, fungua kundi la draivu za DVD, bofya jina la draivu mara mbili, nenda kwenye kichupo cha kanda ya DVD. Utaona kanda ya sasa na idadi ya mabadiliko yaliyobaki. Ukikuta kanda 2 na mabadiliko 4, mashallah, iache hivyo hivyo, usiirudishe 5 kwa sababu tu uko Kongo. Chagua kanda ya diski ulizonazo nyumbani. Ukikuta 0 kwenye kanda 1, hiyo ni sababu halali ya kupunguza bei.

Windows 8 na 10 hazina kichezeshi cha DVD ndani yake, sakinisha VLC, kichezeshi cha bure. VLC yenyewe haijali kanda, na draivu nyingi huiacha isome diski ya kanda nyingine, wakati mwingine baada ya kusubiri kidogo. Nyingine hukataa katakata, na zile zinazojitambulisha kwa jina MATSHITA zinajulikana kwa ukali huo. Jina unaliona pale pale kwenye devmgmt.msc. Kwenye Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, ili filamu zenye kufuli zisomeke unahitaji pia sudo apt install libdvd-pkg, halafu sudo dpkg-reconfigure libdvd-pkg. PAL na NTSC, mifumo miwili ya picha, ni jambo jingine kabisa, hilo ni la televisheni, kompyuta inacheza zote mbili.

Draivu iliyofungwa kwenye kanda isiyokufaa haikulazimishi kuuza mashine. Kwenye T430 draivu inachomoka pembeni bila kufungua mashine, nyingine ya aina hiyo hiyo kutoka mashine iliyokufa inaingia mahali pake, na inakuja na hesabu yake, kwa hiyo ikague kwanza. Mwenye diski za kanda mbili anunue draivu ya nje ya USB, moja aipange 2, nyingine 5, asiguse tena. Ya nje ikizunguka kisha ikasimama, kebo moja haitoshi umeme, tumia ile yenye vichwa viwili uchomeke vyote.

Mashine yenyewe naipa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya ukaguzi wa betri kwenye BIOS, unaomfunga mnunuzi wa mji ambako betri halisi ni adimu.