Suti ya mvua ya shilingi 35,000: kutoka Tabora hadi Kigoma kwa pikipiki

Suti ninayoieleza hapa ni ile ya vipande viwili, koti na suruali, ya kitambaa chepesi kilichopakwa plastiki kwa ndani, ambayo siku hizi imejaa katika maduka ya vipuri vya pikipiki mjini Tabora. Haina jina la kiwanda. Lebo ya shingoni inaonyesha ukubwa tu. Muuzaji alianza na shilingi 45,000, tukaelewana 35,000, nami nikaivaa kwa safari ya kwenda Kigoma peke yangu mwezi wa Januari. Anayeitaka kwa kwenda shamba na kurudi asijisumbue kusoma zaidi, maana kwa kazi hiyo inatosha na kubaki. Maelezo yanayofuata ni ya mtu anayekusudia kukaa juu ya pikipiki kutwa nzima huku mvua ikimpiga kifuani.

Huku kwetu hakuna vuli na masika kama Pwani. Mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, na katikati ya msimu huo wingu linaweza kumsindikiza msafiri kutoka mashamba ya tumbaku ya Urambo hadi ng'ambo ya Kaliua bila kumpa nafasi ya kukauka. Mvua yenyewe nayo si tatizo kubwa kama mwendo. Mtu anayetembea kwa miguu hunyeshewa kutoka juu, lakini anayeendesha kilomita 60 kwa saa huyapokea maji kutoka mbele, yakisukumwa na upepo kuingia katika kila upenyo, na hapo ndipo suti nyingi zinazosifiwa dukani zinapoumbuka.

Hii haikuumbuka kwa kitambaa chake. Tangu nilipoanza kunyeshewa mpaka nilipofika Nguruka, mabega, mgongo na mapaja yalibaki makavu kabisa, jambo ambalo sikulitarajia kwa bei ile. Iliumbuka kwenye mishono. Koti lina utepe wa plastiki uliobandikwa kwa ndani kuziba matundu ya sindano, na utepe huo umefanya kazi yake vizuri. Suruali ina utepe kwenye miguu tu, wakati mshono wa katikati, pale vipande vinne vinapokutana chini ya zipu, umeachwa wazi. Aliyeishona bila shaka alimfikiria mtu aliyesimama. Ukikaa juu ya tangi, pindo la koti hujikunja na kutengeneza kidimbwi mapajani, maji hutulia hapo, na taratibu hushuka kwenye mshono ule ule usiozibwa. Mwanzoni ni ubaridi mdogo tu ambao mtu anaweza kudhani ni upepo, lakini baada ya saa nzima unakuwa umekalia maji, na kuanzia hapo hakuna starehe tena hata kama sehemu nyingine zote za mwili ni kavu.

Dawa yake ipo, tena ni ya Tabora hasa. Kabla ya kurudi nilisugua nta ya nyuki kwenye mshono huo, ndani na nje, nikauanika juani mpaka nta ikalainika na kuingia kwenye matundu, kisha nikausugua tena kwa kidole gumba. Maji hayakukoma kabisa, ila yalipungua kiasi cha kustahimilika. Pasi isitumike hata kidogo, kwa sababu plastiki ya ndani itayeyuka na kunasa.

Nikiwa bado kwenye suruali, nawasihi wanunuzi wachukue ukubwa unaozidi ule wanaovaa kila siku. Muuzaji mwenyewe alinishauri hivyo, akasema, “Kaka, ya saizi yako itakupanda,” na alisema kweli. Mtu akikaa na kukunja magoti, mguu wa suruali hupanda karibu kiganja kizima, na kama si mrefu wa kutosha, mdomo wa gambuti hubaki wazi ukikinga maji. Nilivaa XXL, nami si mtu mnene, na pindo lilifunika gambuti vizuri hata nikiwa nimekaa. Upungufu ni kwamba miguu ya suruali haina zipu pembeni, hivyo gambuti haipiti. Mvua ikianza ghafla inakubidi usimame kando ya barabara, uvue viatu, usimame kwa mguu mmoja kwenye tope, uvae suruali, halafu uvae viatu tena. Ukimaliza, soksi zimeshalowa. Heri kuivaa asubuhi kabla ya kuondoka, hata kama anga ni jeupe. Mguu wa kulia nao unahitaji kuangaliwa, kwa sababu kitambaa kinachopwaya kikigusa ekzosi hutoboka papo hapo. Wangu una alama ya kuungua yenye upana wa sarafu, ingawa niliufunga kwa kipande cha mpira wa tairi la ndani juu ya kifundo.

Koti lina sifa nyingi kuliko suruali. Zipu imefunikwa kwa ulimi mpana unaobanwa na vifungo vya chuma, na kifuani sikupata hata tone. Mikono ina lastiki ndani ya pindo, kwa hiyo glovu huingia chini ya pindo na maji yanayoteremka mkononi humwagika nje badala ya kujaa kwenye vidole. Shingo ndiyo iliyonikera. Kola ni fupi, na kofia iliyoshonwa nayo haivaliki pamoja na helmeti: ukiivaa chini yake helmeti haikai sawasawa na masikio hayasikii lori linalokuja nyuma, ukiiacha mgongoni hujaa upepo na kukuvuta koo. Niliikunja kwa ndani, nikazungushia shingoni kipande cha kitenge, ambacho kililowa lakini kilizuia maji yasishuke kifuani.

Suala la jasho halina ufumbuzi kwa suti za aina hii. Plastiki isiyopitisha maji haipitishi mvuke pia, na mahali unapotembea polepole, kama kile kipande cha baada ya Malagarasi ambacho nilipopita kilikuwa bado cha udongo na tope, mwili hutoa joto ambalo halina pa kwenda. Nilipovua koti Uvinza fulana ilikuwa imelowa mgongoni, na kwa muda nilidhani koti limevuja, mpaka nilipopitisha mkono ndani ya mishono na kuikuta mikavu. Mama mmoja muuza chai aliponiona nalisogeza koti karibu na jiko lake alinionya, “Baba, hilo litanyauka, litundike tu hapo kwenye mti,” na ushauri wake ni bora kuliko maelezo yote yaliyoandikwa kwenye mfuko wa suti.

Rangi nayo ingeweza kuwa bora zaidi. Nilizikuta bluu iliyokolea na nyeusi tu, zote zikiwa na mkanda mwembamba wa kung'aa mgongoni. Mvua inapokuwa nzito kiasi kwamba dereva wa lori haoni zaidi ya mita chache, mkanda huo ni mapambo. Nilivaa juu yake kizibao cha njano cha waendesha bodaboda, na ninamshauri kila mtu afanye hivyo.

Wapo watakaouliza kwa nini mtu asitumie koti refu la mpira, lile zito linalovaliwa na walinzi wa usiku. Lile halivuji, ni kweli, lakini pindo lake hupepea na linaweza kunaswa na mnyororo au gurudumu la nyuma, na katika safari inayozidi kilomita 350 hilo si jambo la kubahatisha. Mwavuli wa bodaboda unafaa mjini kwa mwendo wa taratibu. Kwenye barabara kuu upepo huushika na kuuyumbisha usukani. Ukilinganisha na hivyo viwili, suti hii inashinda bila ubishi.

Kwa bei ya 35,000 ningeinunua tena, ila nisingelipa 45,000 mpaka kiwanda kizibe ule mshono wa suruali. Tangu nirudi Tabora, mikunjo ya viwikoni imeanza kuonyesha mistari myeupe, dalili kwamba plastiki inachoka, kwa hiyo sitegemei kuivaa zaidi ya msimu huu na ujao. Nilipopita dukani tena wiki iliyopita zilikuwepo M na L kwa wingi, na XXL zilikuwa zimebaki chache kwenye rafu ya nyuma.