Kisanduku cha sauti cha maigizo: miezi minane na Arduino Uno

Nilinunua Arduino Uno, bodi ndogo ya kielektroniki unayoiandikia programu, kwa ajili ya kikundi cha maigizo cha watoto wa mtaani kwetu. Mvua na king'ora tulikuwa tunavitoa kwenye simu, na simu haikosi kuita mchezo ukiwa umenoga. Nikataka kisanduku chenye vitufe vinne: king'ora, chura, mvua na ngoma. Ubonyeze, kilie.

King'ora kilinichukua jioni moja. Amri ya tone() unaipa namba ya pini (tundu la bodi linalotoa umeme) na hezi, yaani mitetemo kwa sekunde, basi. Ukiandika 440 unapata noti ileile ambayo wapiga ala hulinganishia vyombo vyao. Nikapandisha kutoka 500 hadi 1200 kidogokidogo, kisha nikashusha, na watoto wakakimbilia dirishani kutafuta gari la wagonjwa. Chura ni milio mifupi ya chini, na uchura wake wote uko kwenye vituo vya katikati.

Hapa msinifuate. Bazaa, kile kispika kidogo cha kulia nilichoanza nacho, ilikuwa na mlio mwembamba, nikachomoa spika ya redio mbovu, ya omu 8, nikaiunga moja kwa moja kwenye pini. Volti 5 ukigawa kwa 8 ni zaidi ya miliampea 600, wakati pini haipaswi kuvuka 40. Pini namba 8 ikafa palepale. Siku hizi natanguliza rezista (kifaa cha kuzuia umeme usipite mwingi) ya omu 220. Sauti inapungua, ila chipu inabaki salama. Ukitaka iwafikie waliokaa nyuma, weka amplifaya ndogo.

Udhaifu mkubwa wa tone() ni kwamba inatoa noti moja tu kwa wakati. Tena inavuruga pini 3 na 11: taa niliyotaka ififie polepole kwenye pini 3 ilikataa kila king'ora kilipolia.

Kwa mvua nikahamia Mozzi, maktaba ya bure (programu zilizoandikwa tayari) iliyoanzishwa na Tim Barrass. Hii inakokotoa vipimo 16,384 vya sauti kwa sekunde na kuvitoa pini 9, kwa hiyo unaweza kuchanganya sauti kadhaa. Usiweke delay(), amri ya kusubiri, humo, sauti itakatika. Mvua yangu ya kwanza mtoto wa dada yangu aliisikiliza akasema, "Mjomba, hapo wanakaanga samaki." Alikuwa sahihi kabisa. Niliweka rezista ya omu 270 na kapasita (kifaa cha kutunza umeme kidogo) ya nanofaradi 100 kabla ya amplifaya, ule mchachariko wa juu ukapungua, ikawa mvua ya juu ya bati.

Ngoma ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Uno yangu ina kilobaiti 32 tu za kuhifadhi programu. Ukirekodi kwa vipimo 8,000 kwa sekunde, baiti moja kila kimoja, hata sekunde nne hazitimii. Nikakata pigo moja la nusu sekunde, baiti 4,000. Nikilicheza polepole linakuwa vumi, nikiliharakisha linakuwa chapuo. Ngoma nzima kutoka pigo moja!

Anayeanza namshauri achukue Uno bila wasiwasi. Mwenye nia ya kupiga nyimbo nzima zilizorekodiwa atafute ESP32 ile ya awali, bodi nyingine ya aina hii, maana ina vigeuzi viwili vya kugeuza namba kuwa sauti, vya biti 8, pini 25 na 26, na kumbukumbu kubwa zaidi. Mimi bado niko na Uno yangu, na kitufe cha ngoma kimeshalegea kwa jinsi watoto wanavyokigombania.