Kabla hujanunua gereji ya kondo, mwaga maji sakafuni

Januari ya kwanza ndani ya gereji yangu mpya, mlango ulikataa kufunguka. Mota ikanguruma, cheni ikakaza, kisha nikasikia praa, kama kitambaa kinachochanwa. Mpira wa chini ya mlango ulikuwa umeganda na barafu ya kizingiti. Nusu ilipanda na mlango, nusu ikabaki chini imejinyoosha kama mkia wa mjusi. Nje ilikuwa nyuzi 24 chini ya sifuri. Ndani, chini ya Datsun yangu, kulikuwa na dimbwi la maji ya chumvi lenye ukubwa wa mkeka.

Nilipokisimulia kisa hiki, wasomaji watatu waliniandikia kwamba na wao wamelia hivyo hivyo, mmoja akiwa bado hajamaliza mkopo. Basi leo naandika nilichotamani kuandikiwa.

Kwanza jina. Kwetu Nakuru gereji ni kwa fundi: mafuta, kelele, na gari lako wiki ya tatu likingoja spea. Huku Marekani gereji ni mahali gari linapolala. Hizi ninazozungumzia ni majengo marefu yaliyogawanywa vyumba, kila chumba na mlango wake mkubwa na hati yake ya umiliki. Paa, barabara, geti na kazi ya kuzoa theluji ni vya wote, kupitia chama cha wamiliki. Wenyewe wanaita kondo. Sisi Kiswahili kimetupa kondo mbili: moja ya mkunga, nyingine ya kale, maana yake vita. Nimehudhuria mikutano ya chama miaka mitatu. Ile ya vita ndiyo hasa.

Datsun yenyewe ni 240Z ya 1972. Wanaoijua Safari Rally hawahitaji maelezo: 240Z ilishinda mwaka 1971 na Edgar Herrmann, ikashinda tena 1973 na Shekhar Mehta, na marehemu baba alizisimulia zile nyekundu zenye boneti nyeusi kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa kiti cha pili akisoma njia. Ubaya wa gari hili ni mmoja. Bati lake jembamba, na kutu inalipenda: chini ya betri, sakafuni, kwenye fremu. Sasa ulilete Minnesota, ambako barabara humwagiwa chumvi kuanzia theluji ya kwanza hadi ya mwisho. Idara ya serikali ya jimbo inayodhibiti uchafuzi inatuambia kila mwaka kwamba kijiko kimoja cha chai cha chumvi kinatosha kuchafua galoni 5 za maji milele. Hebu fikiria kinavyolifanya bati la miaka hamsini.

Utasema, basi usilitoe majira ya baridi. Silitoi! Kuanzia Novemba hadi Aprili limefunikwa shuka. Ila ndani ya chumba hicho hicho huingia Subaru ya kila siku, imebeba theluji kwenye matao ya magurudumu manne, nyeusi, nzito, imechanganyika na chumvi. Ikipata joto inadondoka, pwaa, inayeyuka, na maji yanatafuta njia. Yangu hayakuwa na njia. Mjenzi hakuweka mtaro. Aliinamisha zege kidogo kuelekea mlangoni, akaona kazi imekwisha. Maji yaliyofika mlangoni yaliganda. Mengine yakakaa kwenye bonde dogo ambalo jicho halilioni, katikati kabisa, Datsun ilipoegeshwa.

Kwa hiyo sitakuandikia habari za kamera, geti, ulinzi wala umbali kutoka nyumbani. Hayo dalali atakuimbia mwenyewe. Mimi nauliza sakafu.

Nenda na gololi na chupa kubwa ya maji. Gololi iweke sehemu sita tofauti, uone inakokimbilia. Kisha mwaga maji karibu na kila ukuta, usubiri. Dalali atashangaa, mwache ashangae. Mwinamo unaofaa ni kama sentimita mbili kwa kila mita, na uelekee kwenye mtaro, si mlangoni. Ukikuta shimo moja tu katikati, jua kwamba sakafu imeinama kutoka pande nne, na siku utakayoweka lifti ya kuinulia gari, ya nguzo nne, utakuwa unapachika vibao vya chuma chini ya kila mguu ili isimame sawa. Mtaro mrefu unaopita katikati, baina ya magurudumu, ndio mfalme: sakafu inainama pande mbili tu. Mimi ni mtu wa ACO, sifichi. Ni kampuni ya familia ya Ujerumani, mifereji yake ni ya zege lililochanganywa na plastiki ngumu, na hainywi maji. Ila wavu wa juu chukua wa chuma kisichoshika kutu. Ule wa kawaida uliopakwa zinki chumvi huutafuna taratibu.

Kwa nini wajenzi wanaukwepa mtaro? Pesa. Maji ya sakafu ya gereji hayaruhusiwi kwenda moja kwa moja kwenye bomba la maji taka; lazima yapite kwenye shimo la kutenganisha mafuta na mchanga. Shimo hilo linagharimu, na lazima linyonywe kila baada ya muda. Basi uliza: shimo liko wapi, nani analisafisha, mara ya mwisho lini? Mwenyekiti wa chama akianza kukuna kichwa, umeshajibiwa.

Jambo moja zaidi kuhusu zege, kisha niyapange maeneo yenye gereji hizi, la kwanza hadi la mwisho. Bandika kipande cha nailoni sakafuni, nusu mita kwa nusu mita, kingo zote zifungwe kwa tepu, ukiache usiku kucha. Asubuhi ukikuta jasho chini yake, unyevu unapanda kutoka ardhini, na ile rangi ya epoksi inayong'aa kama sahani mpya itabanduka tu. Na kama sakafu ina mabomba ya joto, omba picha zilizopigwa kabla zege halijamwagwa. Bila picha hizo, fundi wa lifti anatoboa kwa kubahatisha, na tundu moja tu likigusa bomba una kisima ndani.

Haya, nafasi ya kwanza naipa AutoMotorPlex ya Chanhassen, kusini-magharibi mwa Minneapolis, na sijifanyi hakimu. Napapenda. Ni mradi ulioanzishwa na Bruno Silikowski, katika mji ule ule wenye Paisley Park, makazi na studio ya marehemu mwanamuziki Prince, na majira ya joto watu hufungua milango Jumamosi asubuhi, wageni wanapita na kahawa mkononi wakichungulia magari ya wenyewe. Mzee mmoja hapo alinionyesha mtaro wake kabla hajanionyesha gari lake. Hapo hapo nikajua nimefika kwa watu wangu. Lakini vyumba havifanani, kwa sababu kila mnunuzi humalizia chake: huyu kaweka ghorofa ya juu na baa, yule kaacha zege tupu. Hivyo gololi ni lazima hata huko. Faida kubwa ni kwamba mahali penye jina hupati shida ya kuuza, na hilo nimelijua kwa kuchelewa.

Ya pili ni M1 Concourse, Pontiac, Michigan. Eneo lake ni ekari 87, ardhi iliyokuwa ya General Motors, na lina barabara ya mbio ya maili moja na nusu ndani ya uzio. Unatoa gari chumbani, dakika mbili uko kwenye kona. Liko kandokando ya Woodward Avenue, ile ambayo kila Agosti hujaa magari ya kale kutoka kila pembe. Lingekuwa la kwanza kama lisingekuwa mbali na mimi, tena Michigan nao kwa chumvi hawachezi. Aliye Detroit asome orodha hii kwa kuigeuza.

Ya tatu Iron Gate, Naperville, kwa walio upande wa Chicago. Nimepita mara moja, nikapaona pazuri, sikulala na wazo.

The Thermal Club ya California naitaja kwa sababu kuna msomaji aliuliza. Jangwa, hakuna theluji, hakuna chumvi, na uwanja ambao magari ya mbio ya IndyCar yalikimbia Machi 2024. Ukiweza kununua huko huhitaji ushauri wangu. Nitumie nauli tu.

Halafu kuna mabanda ya bati yanayouzwa nje ya miji, katikati ya mashamba ya mahindi. Bei nafuu, sakafu bahati nasibu. Kupanga kwa mwezi pia kunawezekana. Na kuna lile puto la plastiki lenye feni unalolifunikia gari humo humo nyumbani, linazuia vumbi. Tuendelee.

Sasa bei, maana hapa ndipo damu yangu inapochemka. Tangazo litasema "kuanzia." Kuanzia wapi? Kile cha "kuanzia" ni ganda: kuta, mlango, basi. Joto, taa za maana, choo, sinki, hata rangi ni juu yako. Kwenye picha wanakuonyesha sofa ya ngozi na Ferrari ambayo si ya mtu yeyote mle. Benki ya nyumba haikukopeshi, kwa sababu hiyo si nyumba na kulala humo hairuhusiwi. Utaenda kwenye mkopo wa biashara wenye riba yake. Juu yake kodi ya jengo, bila ile nafuu anayopata anayeishi kwake. Juu yake ada ya mwezi. Na siku paa likivuja, chama kinakuletea karatasi ya mchango wa ziada. Sisi tumezoea harambee, lakini harambee ya kwetu mtu anaweza kusema mwezi huu sina.

Mimi walinidai mchango wa kurekebisha vizingiti. Vizingiti ambavyo mjenzi aliviharibu, na mjenzi alikuwa bado ana kura nyingi kwenye chama kwa sababu vyumba kumi na kitu havijauzwa. Akapiga kura, tukalipa. Kwa hiyo soma katiba ya chama kabla ya kusaini, hasa pale inapoeleza ni lini mjenzi anaachia uongozi, na uangalie akiba kwenye akaunti. Mimi nilisoma ukurasa wa rangi zinazoruhusiwa za milango.

Kuna jingine linaloniudhi, na akina dada wenzangu mtanielewa. Kila nilipokwenda kuangalia chumba, swali la kwanza lilikuwa kama mume wangu anakuja. Mume wangu hajui 240Z na Probox vinatofautiana nini! Nilipomwaga maji chini, kijana mmoja wa mauzo alikimbia kuleta kitambaa, akidhani nimemwaga kwa bahati mbaya. Nikamwambia asifute. Tukasimama wote wawili tukiangalia. Maji yalikwenda polepole, yakaupita mtaro kwa upande, yakaingia chini ya kabati.

Alikuwa hajawahi kuliona hilo, naye anauza hapo mwaka wa pili.

Chumba changu kiko sokoni tangu Mei. Nimekiwekea mtaro, zege limekatwa, risiti ninazo, na anayekuja kutazama namkabidhi gololi mlangoni.