Ufaransa sebuleni kwangu: vitabu, filamu na chungu cha nyama

Ukitaka kuionja Ufaransa ukiwa nyumbani kwako Tabata au Morogoro, anza na kitabu, na kiwe cha Kiswahili. Wengi huanzia dukani. Wanaingia supamaketi ya bei kali, wanatoka na kopo la biskuti lenye picha ya mnara wa Eiffel, biskuti zinaliwa jioni moja na hakuna kinachobaki kichwani. Kwetu tumejizoesha kuwa na Jumamosi za Kifaransa, mimi, baba watoto na watoto wetu watatu, na mama mkwe akija kutoka Tanga naye huwemo. Haya ni maoni yangu juu ya vitu tulivyovitumia, namwandikia mzazi mwenzangu anayetaka kujua pesa yake aiweke wapi.

Kitabu chenyewe ni Mwana Mdogo wa Mfalme, tafsiri ya Le Petit Prince iliyotolewa na Mkuki na Nyota hapa Dar es Salaam. Mwandishi wake, Mfaransa Antoine de Saint-Exupéry, alikichapisha New York mwaka 1943, akiwa mbali na kwao wakati Wajerumani wameikalia Ufaransa. Tarehe 31 Julai 1944 aliruka na ndege ya kijeshi kutoka kisiwa cha Corsica, hakurudi tena. Niliwaeleza watoto habari hiyo kabla hatujafungua ukurasa wa kwanza, na naona ilisaidia, maana msimulizi wa kitabu naye ni rubani aliyeharibikiwa na ndege jangwani.

Sura ya mibuyu ndiyo iliyotushika. Mwana mdogo anaishi kwenye kisayari kisichozidi ukubwa wa nyumba, na kila asubuhi inabidi ang'oe miche ya mibuyu kabla haijashika mizizi, kwa kuwa mibuyu mitatu ikiachwa ikakua itakipasua kisayari chote. Mtoto wa Paris akisoma hapo anaona mti wa ajabu na wa kutisha. Mwanangu wa kati, ambaye mfukoni hakosi pakiti ya ubuyu mwekundu, alikataa katakata. Mbuyu ung'olewe kwa kosa gani? Bibi yake Tanga anao mbuyu nyuma ya nyumba, mbona haujapasua kitu? Baba yake akachukua chungwa na njiti za meno kumwonyesha mizizi inavyokosa pa kwenda, na bado hakukubali. Nilifurahi mno. Angekisoma kwa Kiingereza cha shuleni angekipokea kama kazi ya darasani na kunyamaza. Kwa lugha ya nyumbani alikibishia kama anavyobishana na sisi.

Kiswahili cha tafsiri hiyo ni chepesi na kinasomeka vizuri kwa sauti. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kukisoma peke yake, lakini nashauri msome pamoja, sura chache kila jioni.

Kwa wakubwa, tafuteni Molière, mwandishi wa tamthilia wa Ufaransa wa karne ya 17. Watu hushangaa nikiwaambia kwamba Molière alishatafsiriwa kwa Kiswahili tangu zamani. Mchuuzi Mwungwana, tafsiri ya A. Morrison, ilitoka miaka ya 1960. Ni kitabu cha kukitafuta kwa subira maktaba na kwa wauza vitabu vya mitumba. Tamthilia yenyewe ilichezwa mara ya kwanza mwaka 1670 mbele ya Mfalme Louis wa 14, kwenye kasri la Chambord. Inamhusu tajiri wa biashara anayetamani kuwa mwungwana, basi anaajiri mwalimu wa muziki, wa dansi, wa upanga na wa falsafa, na wote wanamla hela huku wakigombana wenyewe kwa wenyewe. Tuligawana wahusika tukaisoma mezani. Ugomvi wa wale walimu, kila mmoja akidai fani yake ndiyo bora, unapendeza zaidi ukisomwa na watu wazima wanaofahamiana. Shemeji yangu, mtu mkimya sana, alichukua nafasi ya mwalimu wa falsafa na hatukumtambua.

Wapo pia waandishi wa Afrika walioandika kwa Kifaransa wakatafsiriwa kwetu. Barua Ndefu Kama Hii ya Mariama Bâ wa Senegal na Boi ya Ferdinand Oyono wa Kameruni ni vitabu ambavyo kila nyumba ingestahili kuwa navyo. Boi hasa inamwonyesha Mfaransa alivyoonekana na kijana aliyekuwa akimfulia na kumpikia, na huwezi kuijua Ufaransa ukiliruka hilo. Anayejua Kifaransa kidogo ajiunge na maktaba ya Alliance Française, kituo cha lugha na utamaduni wa Kifaransa, iliyo karibu naye. Wanachama hufunguliwa pia mlango wa Culturethèque, maktaba ya mtandaoni ya Institut français, yenye vitabu, magazeti na katuni.

Filamu zina ugumu wake, nao ni lugha. Nyingi zina maandishi ya Kiingereza chini ya picha. Jukwaa la filamu mtandaoni la TV5MONDEplus, ambalo ni la bure, huweka na Kiarabu na lugha nyingine kwenye baadhi ya filamu. Ya Kiswahili sijayakuta popote, na mtoto wa miaka sita hawezi kufuata. Tukaamua kufanya kama watafsiri wa sinema kwenye vibanda umiza. Binti yetu mkubwa anashika rimoti, anapunguza sauti, anasimulia kwa Kiswahili huku filamu ikienda, na wadogo zake wakiuliza anaisimamisha. Kiingereza chake kimepanda kwa kazi hiyo, na Kiswahili chake kimepanda zaidi, maana lazima atafute neno papo hapo.

Ipo filamu isiyohitaji mtafsiri, nayo naipa nyota tano. Le Ballon rouge ya Albert Lamorisse, ya mwaka 1956, ina dakika 34 na maneno machache mno. Hata hivyo ilipata tuzo ya Oscar ya uandishi wa filamu. Mtoto aliyeigiza ni Pascal, mwana wa Lamorisse mwenyewe. Anaokota puto jekundu asubuhi akienda shule, na puto linaanza kumfuata lenyewe. Yeye akipanda basi, lenyewe linaelea nyuma ya basi. Akiingia darasani, linamngoja nje. Ukiangalia vizuri utaona kwamba mtaa mzima wa Ménilmontant, huko Paris, ni wa kijivu: kuta, ngazi zilizolowa, moshi, nguo za mtoto. Puto ndilo lenye rangi, jekundu la kung'aa. Halafu linakuja genge la watoto wa mtaani wenye manati. Puto likishapigwa halipasuki kwa kishindo, linaishiwa upepo polepole, ngozi yake inakunjamana na kufifia mbele ya macho yako. Mdogo wetu alisimama akaenda kuigusa televisheni. Mwisho siusemi, uone mwenyewe. Mitaa mingi inayoonekana mle ilibomolewa miaka iliyofuata, kwa hiyo filamu hii pia ni kumbukumbu ya Paris ya mafukara ambayo huikuti kwenye makopo ya biskuti.

Kirikou et la Sorcière ya Michel Ocelot, ya mwaka 1998, ni katuni ya mtoto mdogo sana na mchawi katika kijiji cha Afrika Magharibi, na muziki ni wa Youssou N'Dour. Wahusika wamechorwa vifua wazi na watoto uchi kama vijiji vya zamani. Mimi halikunisumbua, ila mzazi ajue mapema aamue mwenyewe.

Watoto wakilala, wekeni La Noire de... ya Ousmane Sembène wa Senegal, ya mwaka 1966. Ni ya karibu saa moja, picha za rangi nyeusi na nyeupe. Diouana, binti wa Dakar, anachukuliwa na familia ya Kifaransa kwenda Antibes, mji wa pwani ya kusini mwa Ufaransa, akidhani atalea watoto na kuona miji, kumbe anafungiwa jikoni kupika, kufua na kusafisha. Nyumba ni nzuri, bahari iko karibu, na yeye haioni isipokuwa dirishani. Niliwafikiria wasichana wanaoondoka hapa kwenda Ghuba kufanya kazi za ndani. Nikamfikiria pia binti anayetusaidia kazi hapa nyumbani, na kesho yake mimi na mume wangu tukakaa naye tukapanga upya siku zake za mapumziko. Nyota tano, na ningeiweka mbele ya filamu zote za mapenzi ya Paris nilizowahi kuziona.

Chakula sasa. Achana na sosi za pakiti zilizoandikwa Kifaransa. Niliyonunua kwenye duka moja la mjini ilikuwa chumvi tupu na bei yake ingetosha nyama kilo moja. Nunua hiyo nyama, upike pot-au-feu.

Ni nyama ya ng'ombe inayochemshwa taratibu pamoja na mboga, chakula cha nyumbani hasa, na vyote vinavyohitajika viko sokoni kwetu. Mwambie mwuza nyama akupe muundi na shingo, na mfupa wenye uboho aukate vipande vifupi. Karoti, liki, kabichi na viazi vya Lushoto. Nyama inaingia kwenye maji ya baridi, inapashwa moto polepole, na povu linaenguliwa mpaka mchuzi uwe safi. Ukiuacha uchemke kwa nguvu mchuzi unakuwa na mawingu, kwa hiyo moto uwe mdogo, maji yatingishike tu, kwa saa tatu hivi. Mboga zinaingia saa ya mwisho, na viazi vichemshwe kando ili wanga wake usiharibu mchuzi. Nyanya haimo, mafuta hayamo, bizari haimo. Kiungo chake kikuu ni kitunguu kizima kilichochomekwa karafuu mbili tatu.

Mama mkwe alisimama mlangoni akitazama.

"Mwanangu, hiyo karafuu unaipigilia kwenye kitunguu kama misumari?"

"Ndiyo mama, ili isipotee mchuzini."

"Na nyanya?"

"Haina nyanya, mama."

"Haya. Tutaona."

Hiyo karafuu ina safari yake, na niliwasimulia mezani. Zamani Waholanzi waliishikilia biashara ya karafuu za visiwa vya Maluku, Indonesia ya leo. Mwaka 1770 Mfaransa Pierre Poivre, aliyekuwa msimamizi wa kisiwa cha Mauritius wakati huo kikiwa cha Ufaransa, alifanikiwa kuletewa miche kwa siri. Ikaenea hadi kisiwa cha Réunion, na kutoka visiwa hivyo ikafika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Kwa hiyo kitunguu cha Mfaransa na shamba la Mpemba wana undugu, ingawa nyuma ya undugu huo kuna watumwa waliopanda na kuchuma karafuu hizo, Mauritius, Réunion na kwetu. Hilo nalo nilisema, watoto wakubwa wanaweza kulisikia.

Kuandaa ndiko kunakotofautiana na mazoea yetu. Sisi wa pwani chakula huja chote kwa pamoja. Hapa mchuzi mtupu unatangulia kwenye bakuli, na vipande vya mkate. Kisha mifupa: unagonga uboho uangukie kwenye mkate uliochomwa, unanyunyiza chumvi ya mawe, unakula ukiwa moto. Mama mkwe hapa alivua miwani akaomba mfupa wa pili. Ndipo nyama na mboga zinaletwa kwenye sahani kubwa, na haradali pembeni. Hamna anayeharakishwa. Mwaka 2010 UNESCO iliuweka mlo wa Kifaransa wa kusherehekea kwenye orodha yake ya urithi wa utamaduni, na kinachotajwa humo ni mpangilio huo na kukaa pamoja, wala si kitoweo fulani. Mvinyo kwetu hauingii, tunakunywa maji ya ukwaju, na mlo haukupungukiwa na chochote. Simu zilikaa chumbani. Watoto walizungumza na bibi yao kwa muda mrefu kuliko wikiendi nyingine yoyote.

Mkate mrefu wa baguette tunaununua tu mjini, na mara nyingi ni laini mno. Ufaransa kuna amri ya serikali ya mwaka 1993 kwamba baguette ya jadi isiwe na viongezeo wala isigandishwe, na ukiwahi kula iliyotengenezwa hivyo utajua tofauti. Mkate wa boflo uliochomwa kwenye kikaango unatosha. Kwa kitamu cha mwisho piga chapati za maji nyembamba, za mayai na maziwa, ule na sukari na limau. Wafaransa huzila hasa tarehe 2 Februari, siku ya Chandeleur, sikukuu ya Kikristo ya mishumaa.

Nyama ikibaki, usiitupe wala usiipashe ilivyo. Ichambue, ikaange na kitunguu na vijiko viwili vya ule mchuzi, itandaze kwenye sufuria, ifunike kwa viazi vilivyopondwa na siagi. Wafaransa hukiita hachis Parmentier, kwa heshima ya Antoine Parmentier aliyewahimiza wananchi wale viazi katika karne ya 18. Kama huna oveni, tumia jiko la mkaa: makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko, mpaka viazi vishike rangi.