Kuwasha siga: kibanzi cha mwerezi, njiti au laita?

Mtu akinunua siga yake ya kwanza ya maana, hela zote huishia kwenye siga yenyewe, kisha anaiwasha kwa chochote kilichomo mfukoni. Miezi michache baadaye anageukia upande wa pili: analeta nyumbani laita ya kung'aa yenye midomo minne, inanguruma kama mtungi wa fundi wa kuchomelea. Mimi nimepita njia zote mbili, na nina droo yenye laita tano zilizokufa. Mwongozo huu ni wa kukuepusha na droo ya namna hiyo.

Nipange kwanza, sababu zitafuata. Nafasi ya kwanza naipa laita ya jeti ya mdomo mmoja. Ya pili, kwa tofauti ndogo kuliko unavyodhani, ni vibanzi vya mwerezi. Ya tatu ni njiti ndefu za mbao. Ya nne ni laita ya kifahari ya gesi yenye mwali laini. Ya tano ni laita ya petroli. Mshumaa na wenzake nimewaweka mkiani, na wanajua kwa nini.

Kabla ya kununua chochote, elewa kazi inayotakiwa kufanywa. Siga ni majani matupu ya tumbaku, hayana karatasi ya kuyasaidia kushika moto kama sigara ya kawaida. Halafu ni nene. Unene wake hupimwa kwa sehemu za 64 za inchi, kwa hiyo siga ya kipimo cha 50 ina upana wa karibu milimita 20, zaidi ya mara mbili ya sigara. Ncha hiyo yote inapaswa kupata moto sawasawa, na hilo huchukua nusu dakika hadi dakika nzima. Ndiyo maana laita iliyokutosha miaka yote kwa sigara inakuunguza kidole gumba ukiwa katikati ya siga. Unatafuta moto wa kudumu, usio na harufu, usiokimbizwa na upepo. Hakuna chombo kimoja chenye sifa zote tatu, na ubishi wote wa wavuta siga unaanzia hapo.

1. Laita ya jeti, mdomo mmoja

Jeti inatumia gesi ileile ya butani, ila gesi huchanganyika na hewa ndani ya mdomo kabla ya kuwaka. Mwali unatoka wa buluu, mwembamba, mkali, na upepo hauuyumbishi. Kwa kuwa wengi wetu tunafukuzwa nje tukitaka kuvuta, sifa hiyo ya upepo peke yake inaipa ushindi.

Nimesisitiza mdomo mmoja kwa sababu nililipa ada ya kujifunza. Niliwahi kununua ya midomo mitatu, nikaisogeza karibu kama nilivyozoea kufanya na njiti. Jani la nje likababuka, ncha nzima ikawa nyeusi kabla sijavuta hata mara moja, na dakika kumi za mwanzo zikawa na ladha ya mkaa. Mdomo mmoja hukulazimisha uende polepole, unazunguka ukingo kama anayepiga mstari kwa kalamu, ukimaliza unaingia katikati. Shika moto sentimita mbili hivi mbali na tumbaku. Kwenye jua kali ncha ya mwali haionekani kabisa, basi tazama tumbaku inavyobadilika rangi, usiutafute moto.

Dukani angalia mambo haya. Kidirisha cha kuonyesha gesi iliyobaki. Tangi kubwa. Gurudumu la kurekebisha mwali linalozungushwa kwa kidole, maana bisibisi hutakuwa nayo siku utakapoihitaji. Kitobolea siga kilichofichwa chini ya laita ni pambo tu, kisikuongezee bei.

Laita nyingi zinazoitwa mbovu zimejaa hewa tu. Droo yangu ingekuwa na maiti wawili badala ya watano kama ningejua hili mapema. Geuza laita, bonyeza valvu kwa ncha ya bisibisi ndogo mpaka mfoko uishe kabisa. Punguza gurudumu hadi mwisho. Laita ikiwa bado kichwa chini, simamisha kopo la gesi juu yake na ubonyeze sekunde chache. Kisha iache dakika kadhaa. Gesi iliyoingia ni baridi mno, na ukiwasha papo hapo itakukatalia, utadhani imekufa. Nunua gesi iliyosafishwa kwa ajili ya laita. Ile ya kupikia imetiwa harufu makusudi ili uvujaji ugundulike, na uchafu wake huziba tundu la jeti, ambalo ni jembamba kuliko sindano.

Udhaifu wake: milimani kwenye hewa nyepesi jeti huanza kususa, na kwenye baridi kali pia, kwa sababu butani huacha kugeuka mvuke joto likishuka karibu na digrii 0. Iweke mfuko wa ndani wa koti, itapata nguvu.

2. Vibanzi vya mwerezi

Hapa ndipo moyo wangu ulipo, kwa hiyo nisome kwa tahadhari.

Jina mwerezi linadanganya kidogo. Mti huu ni Cedrela odorata, wa Amerika ya Kati, Karibi na Amerika ya Kusini, na kwa Kiingereza unaitwa mwerezi wa Kihispania. Kwa ukoo uko upande wa mkangazi. Na mierezi ya Lebanoni hawajuani. Neno odorata ni Kilatini, maana yake wenye harufu nzuri. Ndio mti wa masanduku ya siga tangu zamani, kwa sababu harufu yake inakaa vizuri na tumbaku na mbao zake hupokea na kuachia unyevu bila kelele. Kuna siga zinazouzwa zikiwa zimevishwa kabisa ubapa wa mti huu, kama Romeo y Julieta Cedros de Luxe. Ukiuvua, fimbo ya kuwashia umeshapewa bure.

Hilo linanileta kwenye ushauri usiotarajiwa katika mwongozo wa kununua: usinunue vibanzi kabla hujakagua sanduku lako. Masanduku mengi huwa na bapa nyembamba za mwerezi kati ya safu za siga, na watu huzitupa. Chukua ubapa mmoja, tazama nyuzi zinaelekea wapi, weka rula sambamba nazo, pitisha kisu mara moja. Huna haja ya kukata hadi chini. Kunja kidogo, utasikia mlio mkavu na kibanzi kitaachia chenyewe. Upana wa sentimita moja, urefu wa kiganja. Ukikata kinyume cha nyuzi kitavunjikia mkononi kikiwa kinawaka, na hilo nalo ni somo nililolilipia, shati ndilo lililotoa ada.

Kama unanunua siga mojamoja na masanduku huna, basi vinunue, ila uliza ni mti gani. Zipo mbao nyingine zinazouzwa kwa jina hilohilo. Ile nyekundu yenye harufu kali, wanayoiweka kabatini kufukuza nondo, ina mafuta yatakayoharibu siga yako. Mbao za kuchomea samaki nazo ni mti mwingine kabisa. Na tangu 2020 biashara ya kimataifa ya mbao za Cedrela kutoka Amerika inasimamiwa chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa kulinda mimea na wanyama walio hatarini, kwa hiyo muuzaji asiyejua anauza mti gani hajafanya kazi yake. Chagua vibanzi vya unene wa milimita moja hivi. Vinene zaidi huzima, vyembamba zaidi humalizika kabla hujazunguka ncha.

Kuviwasha ni raha yenyewe. Washa pembe moja, si ncha nzima. Moshi mweusi kidogo utatoka kwanza, uache upite. Kisha mwali unakuwa wa manjano, mpana, mlegevu, mkubwa kuliko wa laita yoyote ya mfukoni. Ukikiinamisha kibanzi, moto unapanda haraka, ukikinyanyua, unapungua. Ndiyo gurudumu lake la kurekebishia. Siga nene itataka vibanzi viwili, cha pili ukiwashie kwenye cha kwanza. Kuwa na kisahani karibu, maana jivu lake hujikunja kama unyoya, halafu hudondoka lote kwa pamoja.

Je, ladha ya mwerezi huingia kwenye siga? Kidogo, mivuto miwili mitatu. Baada ya hapo ni tumbaku. Anayekuambia anaionja mpaka theluthi ya mwisho, anaionja kichwani.

Faida kubwa ni nyingine, nayo haitajwi sana: kibanzi husafisha moto mbaya. Laita ya petroli inanuka, mshumaa unanuka, kichwa cha njiti kinanuka. Ukiviwashia kibanzi, harufu yote hubaki upande ule, na kinachofika kwenye siga ni moto wa mbao. Ndiyo maana ninasema laita ya plastiki ya kutupa, ile ya bei chee kabisa, pamoja na kibanzi kimoja, inaishinda laita ya kifahari ikiwa peke yake. Laita ile ya plastiki ina butani pia, na haina dhambi wanayoisingizia. Tatizo lake ni kwamba huwezi kuishikilia dakika nzima. Kwa kibanzi unahitaji sekunde mbili tu.

Kwa nini basi mwerezi haukushika namba moja? Upepo. Nje kwenye upepo wa kawaida tu, nimewahi kumaliza vibanzi vitano na siga ikawa imeungua upande mmoja. Pia hauwaki wenyewe, na ukiuhifadhi ndani ya sanduku la unyevu, lile la kuzuia siga zisikauke, pamoja na siga unalowa na kususa. Uweke kavu, pembeni.

3. Njiti ndefu za mbao

John Walker, mfamasia Mwingereza, alianza kuuza njiti za kukwaruza mwaka 1827, na kwa siga bado zinatosha kabisa. Tafuta zenye urefu wa sentimita nane hadi kumi. Kosa moja linarudiwa kila siku: mtu anakwaruza na kuipeleka njiti kwenye siga papo hapo. Kichwa kina salfa na kemikali nyingine. Subiri kiishe, mwali ushike mbao, ndipo uisogeze. Andaa tatu. Viberiti vidogo vya karatasi viache, vimepakwa nta na ni vifupi.

4. Laita ya gesi ya mwali laini

Hizi ndizo za zawadi. S.T. Dupont Ligne 2, ukiifungua kifuniko, inalia mlio ambao wapenzi wake wanautambua hata wakiwa chumba cha pili. Mwali wake ni mpole, haubabui jani, na milimani unawaka pale jeti inaposusa. Kama umepewa, itumie kwa furaha. Kama ni hela yako, kumbuka kwamba unalipia chuma, rangi na mlio, kwa sababu moto wenyewe ni sawa na wa ile ya plastiki.

5. Laita ya petroli

Zippo ilianzishwa Marekani mwaka 1932, na kwa kambi, mvua na sigara sina neno nayo. Kwa siga, utambi uliolowa mafuta huacha harufu kwenye mivuto ya mwanzo. Wapo wanaosema hawaisikii, mimi naisikia. Kama unayo na unaipenda, nunua kiini cha gesi kinachoingia ndani ya ganda hilohilo. Au iwashie kibanzi.

Mkiani

Mshumaa una nta na harufu; kazi yake iwe kuwashia mwerezi, basi. Laita za umeme zenye cheche mbili zinazokatizana zina nafasi ndogo kuliko unene wa siga. Jiko la gesi nimelijaribu usiku mmoja wa shida, nikapoteza nyusi za upande mmoja.

Kwa chombo chochote utakachochagua, kanuni ni ileile: siga mkononi kwanza, si mdomoni. Iinamishe, izungushe juu ya mwali bila kuigusisha, mpaka ukingo wote uwe na mstari wa kijivu. Ndipo uvute taratibu huku ukiendelea kuizungusha. Ipulizie ncha kwa upole; sehemu isiyong'aa ndiyo iliyonyimwa moto, irudishie hapo tu. Na niseme wazi, moto safi hubadilisha ladha tu. Madhara ya tumbaku kwa kinywa, koo na mapafu yako palepale.

Ukisafiri kwa ndege mpangilio wote huu unapinduka. Laita ya jeti hairuhusiwi mkononi wala kwenye begi la kupakia. Kwa kawaida unaruhusiwa kubaki mwilini na laita moja ya kawaida au boksi moja dogo la njiti za usalama, na njiti za kukwaruza popote hazipandi ndege kabisa. Nchi nyingine hukunyang'anya vyote, kwa hiyo soma masharti kabla hujafika uwanjani. Jeti yangu hubaki nyumbani. Mfukoni nina boksi la njiti, na ndani ya kasha la siga, zikiwa zimelala pembeni, bapa nne za mwerezi zilizokatwa tayari.