Usiku wa gemu mgahawani kila Jumatatu: uzoefu wangu

Asalam aleikum jamani. Watu wananiuliza sana hili suala la gemu naiti mgahawani, lina faida au makelele tu, basi naandika mara moja hapa anaetaka asome. Sie tuna mgahawa Kikwajuni, hapa Unguja mjini, mie na kaka angu, si wa watalii, ni wa watu wa kawaida, mchana wali na samaki, mchuzi wa pweza, Ijumaa pilau, na mchana alhamdulillah hatuna shida. Shida yetu ni usiku. Ijumaa na Jumamosi tunauza, siku za mpira watu wanajaa kuangalia, lakini Jumatatu unawasha taa zote feni zinazunguka mpishi kakaa na simu yake, na mwenye nyumba kodi yake hakupunguzii kwa sababu Jumatatu haikuuza. Ikiingia masika ndo usiseme.

Sasa kuna vijana wa hapahapa mjini kazi yao ni kukuendeshea usiku wa michezo, wanakuja na kila kitu chao, bodi za keram, dhumna, karata, ludo, bao moja, spika na maik, na mmoja wao ndie muuliza maswali. Jina siwataji kwa sababu nitawasifu na nitawasema vilevile. Kwetu wanachukua 60,000 kwa usiku na chakula chao juu yetu, na wanakula, masha Allah.

Siku tuliichagua kwa kuondoa zisizofaa. Jumanne na Jumatano kuna Champions League, hapo hushindani. Alhamisi usiku ni kuamkia Ijumaa, wengi wana maulidi yao na dhikri. Jumapili mwenye watoto kawapeleka bustanini Forodhani. Ikabaki Jumatatu, baada ya sala ya Isha, tunaanza saa mbili na nusu mwisho saa nne na nusu, na huo mwisho ni mwisho kweli, hata kama mtu kabakisha kete moja.

Hesabu ya kaka angu ilikuwa tuwavute wanaume wa barazani. Hao walikuja wachache, wakakaa na kikombe kimoja cha kahawa toka mwanzo mpaka mwisho, na maji ya bure. Na mie nawaelewa, mtu ana Jaws Corner pale, ile baraza ya Mji Mkongwe, kahawa ipo, dhumna ipo, bao lipo, siasa zipo na hazilipiwi, aje kwetu kutafuta nini?

Waliojaza meza ni akina dada! Walimu wa skuli, manesi, mabinti wa ofisini, mama na wanawe wakubwa, marafiki wanne watano wametoka pamoja. Ukifikiri utaona ndo ilivyo, mwanamke wa Unguja keram anaijua toka mdogo, kaicheza uani na kaka zake mpaka vidole vikauma, ila akishakuwa mtu mzima anaichezea wapi? Barazani hakai. Kaka zake wanayo mabaraza mtaa mzima yeye hana hata moja. Kwa hiyo gemu kwa mwanamme ni kitu cha bure kipo mlangoni kwake, kwa mwanamke ni kitu kilichopotea kikarudi, na huyo ndie anaekuja na pochi. Tena wanavyoagiza ni tofauti kabisa, wanaagiza sahani za katikati wanakula wote, juisi kila mtu yake, na wakiondoka wanafungisha na ya nyumbani. Hiyo ya kufungisha peke yake ishawahi kutulipia wale vijana.

Tulipoliona hilo tukabadilisha mambo. Dhumna tukaitoa nje barazani kwa sababu wanaume wakicheza dhumna wanapiga meza kama wana ugomvi nayo, ndani tukaacha keram na ludo na karata, na maik tukawaambia wapunguze sauti, mtu kaja kusema na rafiki ake hakuja kupigiwa kelele. Bao ni mchezo mkubwa na naupenda, lakini kibiashara halina faida wallahi, wanacheza wawili wamesimama kumi wanaangalia, kila mmoja fundi kuliko anaecheza, na hakuna hata anaenunua maji. Halafu kete ni 64, zikipungua tu ugomvi. Tumeliacha kwa heshima ya mzee mmoja wa mtaani anaekuja kila wiki, akikaa yeye mahali panapata hadhi.

Kwa wanaouliza kwa nini tusiweke ofa ya kupunguza bei tu, tuliweka zamani. Ofa inamleta mtu mmoja anakula anaondoka, na wiki ya pili anataka ileile bei. Keram na dhumna zinataka watu wanne, kwa hiyo mmoja akitaka kucheza lazima awatafute watatu, yeye ndie anakupigia debe kwenye magrupu ya WhatsApp bila ya kumlipa. Tena wale vijana (hapa nawasifu) wanaandika pointi za kila kundi kwenye ubao, wiki hadi wiki, mwisho wa mwezi ndo anajulikana mshindi, sasa kundi lililo la pili litakosaje Jumatatu? Na vile mpishi keshalipwa na taa zishawaka, sahani ya ziada inatugharimu vitu vyake tu.

Zawadi ni sinia ya biriani ya kuku kwa kundi zima. Hapa sikilizeni vizuri kwa sababu ni jambo zito. Wale vijana mwanzo walipendekeza kila kundi litoe kiingilio, zikusanywe, mshindi achukue. Tukakataa palepale. Hiyo ni kamari, na hapa Unguja ukiingiza kamari mgahawani mwako hata wale wanaokula mchana watakukimbia, na wana haki. Kwetu hakuna kiingilio, mtu ananunua chakula akitaka, biriani inatoka jikoni kwetu kama zawadi kwa wateja. Mzee mmoja wa msikiti wa jirani alikuja kuuliza, tukamueleza, akasema basi mradi sala msiichelewe na hela zisiwekwe mezani. Siku hizi mwanawe anacheza.

Maswali sasa. Huu utaratibu wa maswali wenzetu wa Uingereza wanao kwenye mapabu yao, ulienea miaka ya 1970 kwa sababu hiihii, kujaza usiku wa katikati ya wiki. Wao wanauzia bia, sie ukwaju. Ila maswali ya hawa vijana ya mwanzo yalikuwa wameyatoa intaneti wakayatafsiri, mara waigizaji wa Marekani, mara mito ya Ulaya, ukumbi wote kimya watu wanatazamana. Tukasema leteni ya hapa. Walipoanza kuuliza jumba la Beit el Ajaib limejengwa mwaka gani na sultani gani (1883, Barghash), msanii gani wa bendi ya Queen kazaliwa Unguja, Mzanzibari gani alipata Nobel ya fasihi 2021, ukumbi ukachangamka mpaka jikoni wanajibu. Usiku mmoja wakauliza ile vita ya Agosti 1896 na Waingereza ilichukua dakika ngapi. Meza moja 38, nyingine 40, nyingine 45, na kila mmoja kaisoma mahali, na kweli zote zimeandikwa. Muuliza maswali akashikilia karatasi yake inasema 38 basi. Yakhe, ugomvi ule ulikuwa mrefu kuliko vita yenyewe! Ikabidi kaka angu atoe kachori za bure meza zote tatu ndo pakatulia. Toka hapo swali lenye majibu mawili haliulizwi.

Chakula nacho kitazameni. Urojo mtamu lakini mtu kashika karata mkono mmoja kijiko mkono wa pili, karata zote manjano. Jumatatu tunapika vitu vikavu, katlesi, kachori, badia, sambusa, mishkaki, chipsi, na wali upo kwa anaeutaka. Na keram inamwagiwa poda ili kete ziteleze, basi feni ikiwaka poda inakwenda kwenye juisi za watu, kwa hiyo bodi ziwekeni pembeni mbali na feni.

Ya kuwasema: wanachelewa. Ukiwaambia saa mbili wanafika saa mbili na dakika arubaini wanaanza kutafuta waya. Na Jumatatu moja hawakuja kabisa, hoteli ya huko shamba iliwaita kwa bei kubwa, sie tukaambiwa saa kumi na mbili jioni kwa meseji. Watu wamekuja na majina ya makundi yao, hakuna bodi hakuna ubao, na wiki ya pili meza zilikuwa nusu, ikatuchukua muda kuwarudisha. Saivi tumenunua keram yetu na dhumna zetu, wao waje na spika na maswali na bei ishuke, ndo tunazungumza hilo. Mkianza nao andikianeni kabisa kwamba asiekuja halipwi na anatoa taarifa siku mbili kabla.

Mwenye meza nne nyembamba asijisumbue, keram moja inakula nafasi ya meza mbili. Mwenye uani au baraza pana ajaribu, na asiangalie faida wiki za mwanzo, sie mwezi wa kwanza tulikuwa tunatoa mfukoni.

Nyota nawapa tatu na nusu, hiyo nusu ya ubao wa pointi. Ramadhani tunataka kuhamishia baada ya tarawehe, akina dada wenyewe wameomba, ila vijana wanasema usiku huo watapandisha bei, na kaka angu anasema basi maswali atauliza yeye.