Kifungio cha kamba cha kifundo cha mguu: uzoefu wangu wa kukimbia nacho Lamu

Kifungio ninachokizungumzia ni kile cha kitambaa kigumu, chenye kamba kama za viatu na mikanda miwili ya kunasa inayopita chini ya wayo na kuzunguka kifundo. Nilikiagiza Mombasa kwa ushauri wa mtaalamu wa fiziotherapia, kwa kuwa kifundo changu cha kulia, kilichoteguka zamani katika mpira, kilibaki kimelegea na kujipinda hata mahali tambarare.

Kazi yake ya msingi hukifanya kifungio hiki kistahili kununuliwa. Ufuo wa Shela huteremkia majini: ukienda, bahari iko kushoto na mguu wa kulia hukanyaga upande wa juu, ukirudi umechoka, mguu huohuo ndio ulio upande wa chini, wayo wake hupinduka kwa ndani, na mzigo huziangukia kano za upande wa nje, ambazo ndizo zilizoumia mwanzo. Wakati wa bamvua, siku ambazo maji hujaa na kutoka sana, yakikupwa na kuacha mchanga mgumu na mpana, ningeweza kukimbia bila kifungio. Maji mafu, yaani siku ambazo bahari haijai wala haitoki sana, yakibakisha ukanda mwembamba wenye mteremko, sithubutu. Katika vichochoro vya mjini pia hunifaa, maana anayempisha punda mwenye shehena hachagui jiwe la kukanyaga.

Hata hivyo, asikinunue mtu akidhani kitamrudishia mwendo wake. Katika mbio, wayo ukishatua, kisigino hulalia ndani kidogo, muundi huzunguka kuelekea ndani na goti hukunjika, yote kwa wakati mmoja, na hivyo ndivyo mguu unavyomeza kishindo. Kifundo kikilegea kwa muda mrefu, hisia ya mahali kilipo hupungua, misuli ya upande wa nje wa muundi inaweza kuchelewa kukaza, na mara nyingi wayo hufika chini ukiwa umeshaelekea kupinda. Uwiano wa kisigino na muundi hubadilika, na goti na nyonga huweza kubeba kazi isiyo yao. Kifungio huzuia kupinda kuliko kukubwa, lakini hakiipi misuli nguvu wala wepesi wa kuitikia. Mtaalamu alinipiga picha ya video nikikimbia nimekivaa: kifundo kimetulia kabisa, ilhali nyonga ya kushoto inashuka kila nikikanyaga kwa kulia. Kilichopunguza hali hiyo ni mazoezi aliyonipa, yaani kusimama kwa mguu mmoja huku mwingine ukinyooshwa mbele na kinyumenyume kwa mshazari, kuvuta mkanda wa mpira wa mazoezi kwa upande wa nje wa wayo, na kunyanyua visigino polepole.

Kasoro zake ni za pwani zaidi. Vitundu vya kamba ni vya chuma, na chumvi imekwisha kuvishika kutu. Mikanda hujaa mchanga ikaacha kunasa mpaka isuguliwe kwa brashi. Na msimu wa kaskazi joto lake ni karaha. Viatu vyangu vya awali vilinibana, ikanibidi kununua vikubwa zaidi. Soksi za kubana nilizowahi kutumia zilikuwa za starehe, ila hazikuzuia kifundo kupinduka, na plasta ya michezo hulegea kwa jasho kabla mbio hazijaisha.

Anayeishi karibu na bahari atafute chenye vitundu vya plastiki au vya uzi, akioshe kwa maji baridi kila baada ya mbio, na aende kukijaribu akiwa na viatu atakavyokimbilia.